Chokaa Kwenye Pipa la Tatu

Mkiniona kwenye shughuli za watu napapasa ukuta kabla ya kuketi, msinicheke. Naangalia kama ni rangi ya dukani au chokaa. Ikiniachia unga mweupe kidoleni, roho yangu haitulii tena mpaka niage. Binti yangu wa mwisho ananiambiaga, "Mama, watu wanakuangalia." Waniangalie! Wao hawajawahi kuharibiwa kazi na debe la chokaa. Mie niliharibiwa, na nusura kijiji kizima kinywe uharibifu wenyewe.

Mmeniomba niwasimulie kazi yetu ilivyokuwa, nyie mnaoingia maabara sasa. Haya. Ila sitasimulia kwa mpangilio, kichwa changu hakijaumbwa hivyo. Na nikiinuka katikati ya maneno msishangae, sijaudhika. Mie siwezi kukaa kitako muda mrefu, na leo nitawaambia ugonjwa huo niliupata wapi.

Naitwa Zuhura. Kinondoni nimezaliwa, Kinondoni nimeolewa, na Mungu akipenda Kinondoni nitazikwa. Lakini kazi nilianzia Temeke, kwenye kiwanda cha sabuni cha serikali, chumba cha vipimo. Nilikuwa napima maji ya boila. Maji yakiwa na chokaa nyingi, boila inaota magamba kwa ndani, na siku ikipasuka hamtafutani. Kwa hiyo kila asubuhi, miaka kumi na ushee, kazi yangu ilikuwa kutafuta chokaa kwenye maji. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililokuja kuniumbua.

Kisha yakaja mageuzi. Sabuni za nje zikajaa kila duka, mitumba ikatandazwa kila kona, viwanda vikaanza kuuzwa. Sie tukaitwa mmoja mmoja ofisini tukapewa barua. Mume wangu naye alipewa yake mwezi uleule, bandarini. Mie sikulia mbele ya watu. Nililia nyumbani jikoni, nikavisingizia vitunguu, na siku ile wala hatukupika vitunguu.

Aliyeniokoa ni Dokta Elikana, mtu wa bara, mrefu, amesomea mawe na maji huko ughaibuni. Alipanga nyumba ya kawaida hapa hapa Kinondoni akaigeuza maabara. Sebuleni mizani, jikoni asidi, uani mapipa. Yeye mwenyewe alikuwa anakaa Goba, enzi hizo Goba ni mikorosho na vilima vitupu, anafika kazini viatu vimejaa vumbi jekundu. Aliniuliza swali moja tu siku ya kuniajiri: "Bi Zuhura, ukikosea utaniambia?" Nikamjibu haraka haraka, "Nitakwambia, Dokta." Kuahidi kuna kazi gani?

Wakati huo kampuni za kutafuta dhahabu zilikuwa zinachipuka kama uyoga. Na dhahabu, wanangu, ya kujaza kiganja tu, inakudai ufukue kilima kizima cha mawe yasiyo na kitu uyamwage pembeni. Hayo ndiyo tunayaita kifusi. Watu wanadhani kifusi ni uchafu tu, kimekaa. Hakikai kile! Ndani ya baadhi ya mawe yale mna salfaidi, yaani salfa iliyoshikana na chuma, inang'aa njano mpaka mgeni anaruka juu akidhani katajirika. Ikiwa imelala chini ardhini haina neno na mtu. Ukiifukua, ikapata hewa, ikanyeshewa mvua, inatoa asidi. Asidi ileile ya betri ya gari, ila imezimuliwa. Inateremka na mvua, inayeyusha chuma na shaba na sumu nyingine inazozikuta njiani, na kijito cha chini kinageuka rangi ya kutu. Samaki wanakwisha, na mtu anayechota hapo hajui anachota nini.

Sasa kuna mawe yanayokata asidi. La kwanza ni jiwe la chokaa. Hilo lina haraka kama nini! Nenda kakamulie ndimu kwenye kipande cha tumbawe uone linavyochemka povu. Lakini likiisha limeisha. La pili ni silikati. Silikati ni madini ya kawaida kabisa, yamejaa kwenye mawe meusi na yale ya kijanikijani. Ukiyadondoshea asidi hakuna povu, hakuna sauti, utaapa jiwe limekufa. Kumbe liko kazini. Linaimeza asidi taratibu, linatoa magnesi, linatoa kalsi na silika kidogo kidogo, na lenyewe linageuka udongo wa mfinyanzi. Wiki, miezi, miaka. Na si silikati zote sawa, ziko zinazojikokota na ziko ambazo hazifanyi kitu, kama yale mawe meupe ya mchanga mgumu. Kazi yetu yote ilikuwa kujibu swali moja: asidi inatoka kwa kasi gani, na silikati inaikata kwa kasi gani? Asidi ikitangulia, mmekwisha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Nilipewa jiwe jeusi nilipime. Nikalisaga likawa laini kama wanja, nikalichemsha na asidi kama maelekezo yalivyosema, nikapiga hesabu. Loh! Jiwe lile lingekata asidi ya dunia nzima. Nikaenda kwa Dokta nimevimba kichwa. Akatazama karatasi, akavua miwani.

"Bi Zuhura, kule mgodini nani atawasagia mawe hivi?"

"Hakuna."

"Na nani atawachemshia mvua?"

Ndipo akanifundisha kwamba silikati ukiisaga na kuichemsha unailazimisha ifanye kwa siku moja kazi ya miaka mia, halafu unaisifia. Kama unataka kujua jiwe litafanya nini, liache lilivyo, limwagie maji ya baridi, usubiri. Neno hilo, usubiri, mie lilinitesa kuliko asidi.

Ndiyo maana ya mapipa. Yalikuwa matatu uani, yale makubwa ya mafuta, tumeyakata juu na kuyapaka lami ndani, kila moja na bomba dogo chini. Mawe yake yalitoka kwenye mgodi mmoja wa kanda ya ziwa uliokuwa unajiandaa kuanza. Pipa la kwanza, mawe meupe yenye salfaidi nyingi. La pili, mawe meusi yenye silikati. La tatu, mchanganyiko wa yote mawili, vilevile kama kampuni ilivyotaka kumwaga. Kila Jumanne namwaga maji juu, yanashuka, nayakinga chini, napima. Maji yenyewe ni maji ya betri, yale yaliyochemshwa yakawa mvuke yakakusanywa, hayana chembe ya kitu. Siku za mgao wa umeme mtambo wetu hauwaki, na Dokta aliapa akimkuta mtu anatumia maji ya kisima atamfukuza, maana visima vya hapa mjini vina chokaa. Nilikuwa naweka akiba kwenye madumu kama bibi harusi anavyoficha vikombe.

Kipimo ni kile mnachokijua. Saba ndiyo katikati. Ukishuka chini ya saba unaingia kwenye uchachu, ukifika nne usitafute samaki. Pipa la kwanza lilianguka upesi, kwa hilo hatukushangaa. La pili lilishuka kidogo likasimama. Macho yetu yalikuwa kwenye la tatu. Sita. Wiki nyingine, tano na nusu. Wiki nyingine, tano. Na mawe ya juu yakaanza kuota rangi ya njano ya kutu. Mie nikawa nakwenda kulichungulia hata siku zisizo za kupima. Naweka chai, nainuka, nakwenda uani, narudi, chai imepoa.

Basi tukaambiwa wageni wanakuja. Wakubwa wawili wa kampuni, ofisa mmoja wa serikali, na mwenyekiti wa kijiji kilicho chini ya mahali kifusi kitakapomwagwa. Nyie mnajua Mtanzania akisikia mgeni anakuja. Akikosa la kufanya, anapaka chokaa! Mawe ya njiani yanapakwa, mashina ya miti yanapakwa, hata kuku akizubaa anapakwa. Na mie ndiye niliyemwagiza mlinzi wetu, Athumani, mtu mzima wa Rufiji, mchapakazi hasa, anunue chokaa apake ukuta na mawe ya kingo. Nikaenda zangu saluni kusukwa.

Asubuhi ya wageni nafika, uwanja unang'aa nikafurahi. Napita getini, nageuka upande wa mapipa. Yarabi toba! Pipa la tatu, mawe yote ya juu, meupe peee!

"Athumani! Umefanya nini?"

"Shikamoo kwanza, bi mkubwa," akasema anacheka, na wala simzidi umri wa kuniamkia. "Hilo la getini lilikuwa limeota kutu, linatia aibu. Wageni wangeliona la kwanza. Nimelipiga mikono miwili, nzito. Iliyobaki kwenye debe nikaimiminia humo humo kwenye nafasi za mawe, isipotee bure."

Alikuwa anangojea nimsifu. Jamani, nifanye nini? Ningemwita Dokta. Ndiyo, najua, hakuna mtu chumba hiki asiyejua. Lakini nilisikia gari linapiga honi getini. Nikaona Athumani anafukuzwa, nami namfuata, na nyumbani mume wangu hana kazi. Nikafanya jambo la kijinga ambalo hadi leo mikono inanisuta. Niliyageuza yale mawe. Moja moja, upande mweupe chini, upande mchafu juu. Mpaka mlango wa gari unafunguliwa nimemaliza, najifuta mikono kwenye khanga.

Wale wakubwa walizunguka, wakatazama, wakaangalia saa. Aliyebaki uani ni yule mwenyekiti, Mzee Kulwa. Mzee wa koti moja, ametoka kwao kwa treni, siku mbili njiani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akainama kwenye bomba la pipa la tatu.

"Mama, haya ndiyo maji yatakayotufikia sisi?"

"Ni mfano wake, mzee."

"Wewe ungeyanywa?"

Nikasema, "Tunapima kwanza."

Akatikisa kichwa polepole. Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kikohozi, kimejaa maji. "Haya ni ya chemchemi yetu, yalivyo leo. Mama yangu alichota hapo, na wajukuu wanachota hapo. Hatuna nyingine. Wale," akawaonyesha wageni kwa kidevu, "wameniambia watafanya kile mtakachosema ninyi. Basi semeni vizuri."

Nilikipokea kichupa kile kwa mkono uliokuwa bado na chokaa kwenye kucha.

Jumanne iliyofuata nikapima pipa la tatu. Sita na nusu. Jumanne nyingine, saba na zaidi. Dokta Elikana alitoka ofisini mbio kama kijana. "Zimeamka! Silikati zimeamka, Bi Zuhura!" Unajua yeye alikuwa na nadharia yake, na wala haikuwa ya kipumbavu: asidi ikizidi ukali, silikati nazo huongeza kasi ya kuikata. Ni kweli, mtaisoma. Alingoja kwa hamu mapipa yaithibitishe, na hii hapa. Akaninunulia soda. Ile soda sikuimaliza.

Kwa sababu mie nilipima na kingine. Hakuna aliyeniagiza, ni mazoea tu ya boila. Nilipima chokaa kwenye maji yale, na kalsi, ndiyo chokaa ikishayeyuka majini, ilikuwa imepanda kama kichaa, halafu magnesi haijasogea hata nukta. Silikati ya mawe meusi ikikata asidi inatoa vyote, magnesi na kalsi na silika. Haiwezi kutoa kimoja ikaficha kingine. Na silikati haipandishi maji kutoka tano hadi saba kwa wiki mbili, haina ubavu huo. Niliandika namba zile kwenye daftari langu, nikalifunga.

Wiki saba, wanangu. Wiki saba nikiwa na daftari lile mkobani. Nikisali nasahau rakaa, narudia, nasahau tena. Napika napunguza chumvi, naongeza, namwaga. Mume wangu akauliza kama kuna jini. Nikawa nasimama kwenye mkutano wa kazi wakati wote wameketi. Kichupa cha Mzee Kulwa kilikuwa rafu ya mbele yangu, nikakihamishia kabatini, kesho yake nikakirudisha. Athumani maskini ananiamkia kwa furaha kila asubuhi, kila siku ananiuliza, "Wageni walipendezwa?"

Alhamisi moja Dokta akaniletea ripoti nimsomee makosa ya chapa. Inaondoka kesho. Nikafika kwenye mstari unaosema mawe yote yanaweza kumwagwa pamoja kilimani, upande wa juu wa chemchemi, silikati zitamudu. Nilisoma mstari ule nimesimama dirishani. Nikaweka karatasi chini.

"Dokta, njoo uani."

"Kuna nini?"

"Njoo tu, kabla sijabadili mawazo."

Nikapiga magoti kwenye pipa la tatu, nikaanza kugeuza mawe. La kwanza, jeupe. La pili, jeupe. Nikaendelea mpaka la mwisho, sikumtazama usoni. Nikamweleza kila kitu, nikasema kosa ni langu, Athumani alifanya usafi tu.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Halafu akaguta, "Wiki saba, Bi Zuhura! Nilikuuliza siku ya kwanza!"

"Uliniuliza."

"Ningeipeleka hii kesho! Unajua wangefanya nini? Wangemwaga mlima mzima pale!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuita."

Kisha sauti yake ikashuka. "Kalsi ulipima?"

"Nilipima."

"Ulificha?"

"Iko kwenye daftari langu. Hukuniomba."

Akajishika kichwa. "Sikukuomba. Niliona namba niliyokuwa naitaka, nikaacha kuuliza." Akainuka, akalichana lile karatasi la mstari ule, akaenda kupiga simu. Nilimsikia kwa kupitia ukuta akifokewa na watu wa kampuni. Hakutaja jina langu. Alisema, "Maabara imekosea." Wanangu, pale ndipo nilipolia mbele ya watu, tena kwa sauti, mpaka Athumani akaja na fagio akidhani kuna nyoka.

Hatukufukuzwa. Lakini tulianza upya. Mawe mapya, pipa jipya, Jumanne baada ya Jumanne, na safari hii nilipima kila kitu na kukibandika mlangoni. Pipa la mchanganyiko likashuka kama lilivyoanza, tano, nne na nusu, nne, na halikupanda tena. Silikati zilikuwemo, zilifanya kazi, magnesi tuliiona, ila asidi ya yale mawe meupe ilizizidi mbio. Lakini pipa la pili, la mawe meusi peke yake, likatupa jibu jingine. Lilishuka hadi tano na nusu, likazubaa hapo miezi, halafu nukta kwa nukta likapanda mpaka sita, likatulia. Na magnesi, na kalsi, na silika, vyote vipo kwenye maji. Bila povu, bila haraka. Dokta alilizunguka pipa lile mikono nyuma. "Unaona, Bi Zuhura? Hiki ndicho nilichokuwa nasema. Lakini hiki ni cha kweli."

Tukaandika hivi: mawe meupe yapelekwe upande wa pili wa kilima, yafunikwe udongo wa mfinyanzi, hewa na mvua visiyafikie. Mawe meusi peke yake ndiyo yakae juu ya chemchemi. Kampuni ikanung'unika kwamba ni mzunguko mrefu kwa malori, ikakubali. Lakini kukubali kwenye karatasi ni kitu kimoja, na dereva wa lori mchovu ni kitu kingine. Mie sikuwepo walipokuwa wanamwaga. Nani alihesabu lori lipi lilikwenda wapi? Swali hilo likanifuata miaka. Dokta akafunga maabara akarudi kwao, mie nikaenda kwingine, bado kila mvua kubwa ikinyesha nilikuwa nawaza kilima kile.

Siku moja nikamwambia mume wangu nakwenda. "Wapi?" Bara. "Kuna msiba?" Hakuna. Nikachukua kipima uchachu cha mkononi, vichupa vya kupimia chokaa kama vile vya boila, na kile kichupa cha dawa ya kikohozi. Nikamtumia Mzee Kulwa salamu kwa mtu kwamba yule mama wa Dar anakuja kutazama chemchemi. Niliona ni adabu.

Nikafika nimechakaa. Walinipokea kwa vigelegele, wakanipikia. Mzee Kulwa alikuwa amezeeka, koti ni lilelile. Asubuhi tukaongozana hadi chemchemi, nusu ya kijiji nyuma yetu. Tunakata kona. Nikasimama.

Mawe yote ya kuzunguka chemchemi. Yote. Meupe peee.

"Tuliposikia mtaalamu anakuja," akasema Mzee Kulwa, "tukasema tusijitie aibu. Vijana wamepaka jana. Mikono miwili."

Nikakaa chini kwenye nyasi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu sikujua tena kama nacheka. Mzee akaingiwa na hofu. "Mama, tumekosea?"

"Hamjakosea, mzee. Aliyekosea ni mie, zamani, tena kwa chokaa hiihii."

Nikamweleza palepale, mbele ya watu wote. Pipa, Athumani, mawe niliyoyageuza siku ile amesimama na kichupa chake. Alinisikiliza bila kupepesa. Alipoelewa akawaambia vijana wakalete maji na matawi wayasugue mawe. Nami nikamwambia hapa hapapimiki leo, twende juu.

Tukapanda. Mzee wa umri ule, nami na magoti yangu, tunavutana mikono. Tukapita chokaa yote, tukafika mguuni mwa kifusi, mahali maji yanapochuruzika kutoka kati ya mawe. Nikayatazama mawe kwanza, moja moja, kama mtu anayetafuta sindano. Meusi. Ya kijanikijani. Meupe nikaona mawili matatu tu. Nikakinga maji, nikachomeka kipimo. Sita na tatu. Nikaosha, nikapima tena. Sita na tatu. Nikatoa vichupa vyangu, nikapima magnesi. Ipo. Kalsi ipo, ya kiasi chake. Yalikuwa mawe yenyewe, yanakata, taratibu kama pipa la pili. Nikapima mara ya tatu, maana najijua.

Mzee Kulwa akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Sasa, mama. Wewe ungeyanywa?"

Nikamwambia nimeyajaza kwenye chupa, nayapeleka Dar yakapimwe shaba na sumu nyingine, asubiri majibu.

"Sawa," akasema. "Ila wajukuu zangu wamechota leo asubuhi. Wao hawajasubiri."

Nikainama, nikakinga kwa viganja, nikanywa. Sheria ya kwanza ya maabara ni kutoonja kitu, nyie msiniige. Majibu ya Dar yalitoka baada ya wiki tatu, masafi. Wiki tatu zile sikukaa kitako hata siku moja, nikimwaza kila mtoto mwenye ndoo.

Mzee Kulwa ametangulia mbele za haki. Mie niliendelea kwenda kila mwaka, kisha kila miaka miwili, mpaka magoti yakakataa. Na silikati si za milele, wanangu. Kila tone la asidi linakula jiwe kidogo, na kutu na udongo vinalivika ngozi, kazi inapungua. Siku litakapochoka halitampigia mtu simu. Mtu ni lazima aende, apande pale, apime.

Kipimo changu kiko kwenye lile kabati, nimeweka betri mpya juzi. Nauli nimeitenga. Nani anakwenda mwaka huu? Usimtazame mwenzio, nakuuliza wewe. Na ukienda, nakuomba sana, usiwaambie kwamba unakuja.